Kazi Isiyohifadhiwa Itapotea

Kabla hajaitwa Kiraka, shemeji yangu aliitwa Kichwa, na si kwa sababu ya akili. Alipigana kwa kichwa. Mtu mrefu akimwinamia ili amtukane vizuri, yeye alipanda juu kama beberu, na pua ya mtu ikaishia hapo. Mimi mwenyewe alinionjesha mwaka ule nilipokwenda kumposa dada yake. Hakuwa na chuki na mimi. Alitaka tu kujua kama nitarudi. Kesho yake nilirudi na pamba puani, nikakaa kwenye kiti kile kile, nikaendelea kuongea na mama yake kuanzia pale nilipoangukia. Tukawa ndugu.

Baba yao alikuwa mwashi, na alilea watoto kwa pimamaji. Kosa dogo lilikuwa la ubavuni, kosa kubwa la utosini, na kama hakujua ukubwa wa kosa alianza na ubavu ili asipoteze muda. Mama yao alikuwa na cherehani, akiwashonea watu viraka. Kwa baba Kiraka alijifunza kupiga na kupigwa. Kwa mama alijifunza jambo moja ambalo ndilo lililokuja kumlisha: kiraka kizuri hakionekani, na kiraka kibaya huchana hata ile nguo iliyobaki nzima.

Nilimchukua awe mlinzi wa ghala langu. Siku zile nilinunua kompyuta zilizotupwa na maofisi, nikazifuta vumbi, nikaziuza. Wezi walikuja mara moja tu. Mmoja aliondoka akiwa ameshika taya yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Halafu siku moja skrini ikagoma kuwaka mbele ya mteja. Kiraka akaipiga kofi, ikawaka. Mteja akacheka, akanunua nyingine. Kiraka hakucheka. Alikaa na ile skrini mpaka jioni, ameifungua mgongo, anatafuta kofi lilifanya nini kule ndani. Alikuta waya umelegea.

"Kumbe haikuwa kofi," aliniambia, kama mtu aliyegundua kwamba amedanganywa maisha yake yote.

Basi akaanza kujifunza. Alijifunza kwa hasira, kama anavyofanya kila kitu, na baada ya miaka sita niliweza kwenda kwenye kampuni ya mbao yenye matawi saba na kuwaambia nina mtu. Tulivutana wiki nzima, nikapata mkataba wa kutunza mitandao yao yote: kompyuta za ofisi, za mageti, za kupimia magogo, na zile za zamu za makuli. Kazi kubwa ilikuwa kupeleka programu mpya. Zile programu zinazotumika kila siku hutoboka kama nguo. Waliozitengeneza hutuma viraka, na mtu lazima avibandike kwenye kila mashine ya kila tawi, bila tawi hata moja kusimama. Ndipo jina la Kiraka lilipompata, na la zamani likabaki kwa wale waliowahi kulionja tu.

Kosa lake la kwanza alilifanya Jumatatu asubuhi. Alituma kiraka matawi yote saba kwa mpigo mmoja. Mashine zote zikazima, zikawaka, zikazima, zikawaka, kama mtu anayekonyeza, na malori yakapanga foleni barabarani kwenye kila tawi. Mkurugenzi alituita. Alichukua kishikio cha karatasi mezani, kile kizito cha kioo, akamrushia. Kiraka alichanika juu ya nyusi, nyuzi tano. Mimi nilikuwa nimeushika mkanda wake kwa nyuma kwa nguvu zangu zote, maana nilijua kichwa kile kikiondoka, mkataba unaondoka nacho.

Kutoka kwenye nyuzi tano zile tukapata sheria zetu. Kiraka cha programu huonjwa kwanza na tawi moja dogo, lile ambalo likianguka hakuna wa kulia; tunasubiri siku tatu; ndipo tawi kubwa. Kwa kuwa mtandao wa matawi ya mbali ulikuwa mwembamba kama mrija wa soda, programu iliingia mara moja tu kwenye mashine kubwa ya tawi, na kompyuta nyingine zikachota humo. Na kabla ya yote, nakala ya kila kilichomo iingie kwenye diski, na diski iwe begani kwa Kiraka. Nilimwambia siku asiyofanya nakala asirudi kwangu, aende kwa baba yake na pimamaji.

Kazi ile yote tuliita kwa neno moja: kufunga. Ndivyo mafundi wanavyosema, unafunga mita, unafunga kamera, unafunga programu. Kiraka alikuwa akinipigia simu wakati tunakula: "Shemeji, la pili nimeshalifunga. La tatu nalifunga kesho." Mke wangu alikuwa akisema mtu akikusikilizeni atadhani nyinyi ni madalali wa mahakama. Tulicheka. Hakuna aliyelishika neno hilo akaligeuza upande wa pili.

Sasa tuje Tawi la Tano.

Lilikuwa yadi kubwa kuliko zote. Makuli zaidi ya mia mbili, mabega yao yameota sugu kama magoti ya ngamia. Kila asubuhi kuli aliweka kidole kwenye kifaa getini, na mashine ikampa zamu. Mgeni alianzia mkiani. Kila siku aliyokuja ilimsogeza. Wa mbele walipata malori ya kwanza, wa nyuma walikaa juu ya maranda mpaka jioni na kurudi nyumbani mikono mitupu. Orodha ile ndiyo ilikuwa mali pekee ya mtu pale. Huwezi kuiuza, huwezi kumrithisha mwanao, lakini ukiifuta umemfuta mtu miaka yake.

Mbele ya orodha alikuwa mzee mmoja wanayemwita Gogo, kinara wa makuli. Alikuwa na miaka kumi na moja pale, na shingo ambayo ukiitazama unaona jina hakupewa kwa utani. Mdogo wake alikuwa kuli wa Tawi la Nane. Tawi hilo halipo tena. Mwaka mmoja kabla ya haya, makuli wa kule walifika asubuhi wakakuta mnyororo na kufuli getini, bila taarifa. Walipoutikisa mnyororo, walinzi wakatoka na virungu. Mtu mmoja alikufa pale, kifua kimebonyea. Mdogo wake Gogo alibaki na jicho moja.

Na kulikuwa na msimamizi wa Tawi la Tano, jina lake la mgongoni Pasi, kwa jinsi mashati yake yalivyonyooka. Huyu alikuwa na wapwa watatu waliopanda kwenye orodha kama moshi. Kila mtu alijua. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu orodha iliishi ndani ya mashine moja, kwenye chumba kimoja, ofisini kwake. Mtandao wa zamani haukuweza kubeba alama za vidole mpaka makao makuu. Programu mpya ingeweza. Siku Kiraka atakapoifunga Tawi la Tano, kila kidole kitaonekana makao makuu, na Pasi hatamsogeza tena hata nzi.

Jumatano Kiraka aliandika tangazo, kama tunavyofanya kila mara, ili watu wa ofisini wasije wakapoteza barua walizoziacha nusu kwenye kompyuta. Aliniletea nilisome. Nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nililipitisha mimi:

JUMAMOSI SAA SITA MCHANA TUNAFUNGA TAWI LA TANO. KILA MTU AHIFADHI KAZI YAKE MAPEMA. KAZI ISIYOHIFADHIWA ITAPOTEA.

Nikasema sawa, bandika.

Pasi hakulibandika. Alhamisi asubuhi alipanda juu ya rundo la mbao, akawasomea makuli kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma wosia. Hakuongeza hata herufi. Mmoja akamuuliza linafungwa vipi. Pasi akajibu kwamba yeye anajua kusoma tu, na wao wana masikio. Akashuka, akajikung'uta shati.

Jumamosi Kiraka alifika saa nne, mkoba begani, akashangaa geti linafungwa nyuma yake. Alidhani ni usalama. Yadi ilikuwa kimya. Misumeno imezimwa, makuli wamesimama tu kando ya mbao. Akawaamkia. Hakuna aliyeitika. Akaingia ofisini akamkuta karani, mama wa makamo aliyekaa pale muda mrefu kuliko samani zote, akamwambia leo watu wameamka vibaya. Karani akamwambia, "Fundi, fanya haraka uende zako." Naye alifikiri anahimizwa kazi.

Akafanya nakala. Akaitia diski mkobani. Saa sita kamili akaanza kufunga. Hatua hii ilikuwa ya kuhamisha vidole vyote kutoka kwenye orodha ya zamani kuviingiza kwenye mpya, na haikatizwi. Ukichomoa umeme katikati, ya zamani imeshabomolewa na mpya haijasimama. Betri ya akiba ya ofisi ile ilikuwa imekufa zamani, na Pasi alikuwa akiahidi nyingine tangu mwaka uliopita. Mstari wa kijani ulikuwa umefika asilimia thelathini na moja mlango ulipovunjwa.

Hawakuuvunja kwa teke. Waliuvunja kwa boriti, watu wanne, kwa mpigo mmoja, kama wanavyoingiza gogo kwenye lori. Karani alikimbilia chooni akajifungia. Gogo aliingia wa kwanza, na nyundo ya misumari mkononi.

"Wewe ndiye uliyekuja kufunga?"

"Ndiyo mimi," alisema Kiraka. "Nimeshaanza."

Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile natamani kucheka, na sicheki.

Ngumi ya kwanza ilimkuta sikioni. Ya pili hakuisubiri. Alipanda na kichwa, kile cha ujana, na mtu wa kushoto kwa Gogo akaketi chini akitema meno mawili kwenye kiganja na kuyatazama kama chenji pungufu. Wa pili alipasuka midomo. Wa tatu alikuja na ubao. Ulimpata Kiraka kwenye mbavu, nikaambiwa ulilia kama tawi kavu, na hapo wakammwagikia. Walimpiga kwa mbao, kwa viatu vya kazi, kwa kiti cha karani. Walipochoka wakamwinua, wakamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, wakamkaza kwa kamba za kufungia mizigo, mikono juu ya viegemeo.

"Unapenda kufunga," mmoja alimwambia akikaza fundo. "Na sisi tunajua."

Mwingine akauona mkoba. Akautupa sakafuni, akauangushia shoka. Pigo moja. Kiraka aliisikia sauti ya diski, si sauti ya nguo, akaacha kujitikisa hapo hapo. Nakala ilikuwa imepasuka vipande viwili. Sasa miaka ya watu mia mbili na zaidi ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku la chuma la mashine chini ya meza, na waya wake ulikuwa umening'inia ukutani kama mkia wa mjusi.

Kuli mmoja akaushika.

"Ukiuchomoa huo hakuna mwenye zamu hapa," Kiraka alisema. Mdomo ulikuwa umejaa damu. "Si Gogo, si wewe."

Wakalichukua kama tishio, wakamnyamazisha na buti la tumbo. Gogo lakini aliinua mkono, yule wa waya akasubiri. Gogo akaisogelea skrini, akautazama mstari wa kijani. Asilimia hamsini na mbili. Akauliza kile ni nini. Kiraka akamwambia ndiyo programu, inajifunga. Gogo akaitikia kwa kichwa, amesikia alichotaka kusikia.

"Izime wewe mwenyewe, kwa njia yake. Nataka irudi kama jana."

"Haizimiki. Ikizimwa sasa inakufa na vyote vilivyomo."

"Basi nitakuuliza kwa vidole," alisema Gogo.

Alianza na kidole kidogo cha kulia. Hakuwa na haraka. Alikinyoosha kwenye kiegemeo kama mtu anayepanga msumari. Nyundo moja. Akauliza tena. Kiraka alipiga ukelele uliomfikia karani chooni, kisha akasema haizimiki. Kidole cha pete. Akauliza tena. Kiraka alitapika mapajani, akasema wavunje vilivyobaki, waya wauache.

Wakati huo karani alikuwa amenipigia. Nilikuwa Tawi la Nne, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki, na siku hiyo nilitumia kumi na mbili. Getini walikuwapo watu kama thelathini na mbao mikononi. Mtu wa biashara anajua kwamba huwezi kuingia mahali kwa kuomba. Unaingia kwa kuwa na kitu wanachokitaka. Nikawaambia yule mliyemshika ndani ni mkono tu, mimi ndiye mwenye kazi, tangazo nimelipitisha mimi. Ubao ukanipata begani nikapiga magoti. Nikasema tena, nikiwa chini: mimi ndiye. Wakafungua geti, wakaniburuta kwa kola, wakalifunga tena, na ndani ndiko nilikotaka kwenda.

Nilipoingia Gogo alikuwa amemaliza kidole cha tatu, cha shahada. Kiegemeo kilikuwa kimelowa. Kiraka alinitazama kwa jicho lililobaki wazi, akasema jambo moja tu.

"Diski imekufa, shemeji. Wasiguse waya."

Pale ndipo nilipoelewa anachokilinda, na pale ndipo nilipotazama ukutani nikaona lile tangazo, limebandikwa hatimaye, kwa gamu, ndani ya ofisi ambamo makuli hawaingii. Nikalisoma kama kuli. Tunafunga Tawi la Tano. Kila mtu ahifadhi kazi yake. Kazi isiyohifadhiwa itapotea.

Pasi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, shati jeupe, mikono nyuma. Nikamuuliza mbele ya wote kama aliwaeleza watu kufunga maana yake nini. Akajibu kwa upole kwamba yeye si mtaalamu wa kompyuta.

Nikamgeukia Gogo. Sikumwambia habari za haki wala huruma. Mtu mwenye nyundo hana masikio ya hayo. Nilimwambia, "Kaka, wewe ni mtu wa mizigo, mimi ni mtu wa kupatana. Mstari uko themanini na nane. Umebaki muda wa sigara moja. Ukingoja, na tawi likafungwa kama la ndugu yako, vidole vyangu kumi hivi hapa." Nikaviweka mezani, nikavitandaza.

Gogo alivitazama.

"Kumi vya mchuuzi havifiki vitatu vya fundi," alisema. Watu wakacheka, kicheko kibaya. Lakini alivuta sigara mfukoni akaiwasha. Akamuuliza Kiraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonyesha anakipenda: "Humo ndani mna nini chako?"

"Changu hamna," alisema Kiraka. "Mna vidole vyenu."

Tisini. Tisini na tano. Mia. Na skrini ikawa nyeusi.

Mimi nilijua mashine hujizima na kujiwasha baada ya kazi ile. Wao hawakujua. Aliyekuwa nyuma yangu alinipiga kichwani na ubapa wa shoka, nikaangukia meza, na yule wa pili alikuwa ameshainua boriti juu ya lile sanduku. Gogo aliidaka boriti kwa mkono mmoja. Sijui kwa nini. Nilipomuuliza baadaye aliniambia mtu aliyetoa vidole vitatu haongopi kwa cha nne, ni hasara.

Skrini ikawaka. Ikaandika: WEKA KIDOLE.

Gogo akaweka kidole gumba kwenye kifaa cha majaribio kilichokuwa mezani. Mashine ikalia. HAKISOMEKI.

Nyundo ikapanda tena. Kiraka, kichwa kimeinama kifuani, akasema, "Kina damu. Futa."

Gogo akakitazama kidole chake. Damu haikuwa yake. Akakifuta kwenye shati, mara mbili, tatu, kwa nguvu, akakirudisha. Mashine ikatulia kidogo, kisha ikaandika kwa herufi kubwa ambazo hata wa mlangoni walizisoma. Zamu ya kwanza. Siku za kazi: elfu tatu mia mbili na nne.

Alisimama akiitazama ile namba muda mrefu. Hakuna mtu aliyewahi kumhesabia.

Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakifuta vidole kwenye suruali. Kila mmoja na siku zake. Kisha mtu akasema wapwa wa msimamizi waletwe. Wawili hawakuwapo. Wa tatu alisukumwa mbele, akabonyezwa kidole. Alikuwa wa saba kwenye orodha ya zamani. Programu mpya haikujua ujomba. Ilihesabu tu siku kidole kilipogusa kifaa. Siku za kazi: tatu.

Hapo nilisikia viatu vya Pasi vikikimbia kwenye sakafu ya saruji, halafu kwenye changarawe. Hakufika getini. Geti alilifunga yeye mwenyewe asubuhi ili fundi asitoke.

Nilikuwa nimepiga magoti nafungua kamba za shemeji yangu. Nje ilianza sauti ya mbao, ile ile ambayo niliziona alama zake kwenye mbavu za Kiraka, na sauti ya mtu anayeita majina ya watu aliowajua. Kuna fundo moja lilikuwa gumu. Halikuwa gumu kiasi hicho. Nilikaa nalo mpaka nje pakawa kimya, ndipo likafunguka.

Pasi hakufa. Taya na mguu, na wiki nyingi kitandani. Kampuni haikumpokea tena, wala haikuwashtaki makuli, kwa sababu kesi ingeanza na kidole cha mpwa wake. Mimi sikushtaki pia. Nilikwenda kwa Gogo tukakaa juu ya gogo lake, tukapatana: tangu leo hakuna tangazo la programu linalotoka bila kusomwa kwanza na yeye, kwa masikio ya kuli, kwa kila tawi. Alikubali. Mke wangu hakukubali. Kwa mwezi mzima aliniwekea chakula mezani kwa kukitupa. Kaka yake alikuwa amelala chumba cha pili, na usiku alikuwa akiita haizimiki, haizimiki.

Baada ya miezi miwili Kiraka alinyanyuka, akasema anakwenda Tawi la Tano. Nilimpeleka. Makuli walisimama. Gogo alishuka kutoka kwenye mbao, akaja mpaka mbele yake, na bila kuambiwa akainama kidogo, pua kwenye urefu unaofaa. Kiraka akampa kichwa. Kimoja tu, lakini kilikuwa cha moyo wote, nilisikia mfupa. Gogo akakaa juu ya maranda, damu inamwagika kidevuni, akaanza kucheka.

"Nilidhani mkono umekuharibu, fundi. Kumbe sikugusa penyewe."

Halafu alitia pamba puani, kama mimi zamani zile, akadai kusoma tangazo la Tawi la Sita. Kiraka alikuwa ameandika: Jumamosi tunapandisha programu. Gogo akasoma kwa sauti, akasita. Akasema kupandisha watauliza bei, na wa nyuma watauliza zamu. Kiraka akakata neno. Akaandika tunaweka. Gogo akauliza tunaweka wapi, na kwa nini hamsemi. Wakabishana mpaka lori la tatu. Mwisho likatoka tangazo la mistari tisa, refu kama barua ya mkwe, lakini hakuna aliyevunjwa kitu Tawi la Sita.

Tulipomaliza Kiraka alikwenda chumba cha mashine. Mlango wa chumba kile sasa unafunguka kwa kidole, na cha kwanza kilichowahi kusajiliwa kwenye programu mpya kilikuwa chake cha shahada, cha mkono wa kulia, Jumamosi ile kabla mlango haujavunjwa. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini ncha ilikuwa imebonyea na kovu limepita katikati kama mfereji. Akakiweka.

HAKISOMEKI.

Akakiweka tena, kwa upole, kisha kwa hasira. Hakisomeki.

"Futa damu, fundi," alisema Gogo nyuma yetu, kwa sauti ya puani.

Hapakuwa na damu. Kiraka alisimama akikiangalia kidole, halafu akaangalia mlango unaotii programu aliyoiweka yeye mwenyewe, na nikamwona anapima umbali kati ya paji lake na kile kifaa. Nikaushika mkanda wake kwa nyuma. Akashusha pumzi. Akaenda getini, akasimama nyuma ya mgeni aliyekuja kuomba kazi asubuhi hiyo, na zamu yake ilipofika akaweka kidole cha kushoto, asajiliwe upya.

Siku za kazi, mashine ikaandika: moja.